Mbegu ya kotonii kutoka kaskazini ya Pemba: nzuri kwa nje

Magunia mawili ya mbegu ya kotonii, yaani matawi ya mwani mwekundu tunaoulima baharini, niliyoyanunua kwa muuzaji mmoja wa kaskazini ya Pemba yalifika asubuhi ya bamvua, maji yameshatoka, nayo mbegu bado ina unyevu wake. Kwa ufungaji na kuchunga saa, muuzaji huyu sina la kumlaumu.

Kasoro imo ndani ya tawi. Nilipokuwa nikifunga tai-tai, vile vikamba vya kushikizia tawi kwenye kamba, niliona kipande chenye vidoa vyeusi kama vumbi la makaa, nikakipangusa kwa kidole, havikutoka, na kwa haraka ya maji kujaa nikakifunga hivyo hivyo. Wiki ya nne kila kidoa kilikuwa kipele, na juu ya kipele umechomoza uzi mwembamba wa rangi ya damu ya mzee. Muuzaji alinijibu, "Bi mkubwa, huo uchafu tu, utaoshwa na maji."

Si uchafu. Ni mwani mwekundu mwengine, Neosiphonia, ambao siku hizi wataalamu huuita Melanothamnus, unaozamisha mizizi yake katika ngozi ya kotonii; mwaka 2008 watafiti waliandika kuwa mashamba ya Tanzania yanao, pamoja na ya Ufilipino, Indonesia na Malaysia. Huyu hushika kwa nje na kutoboa ngozi tu; endofaiti wa kweli, yaani kiumbe kinachoishi ndani ya mmea mwengine, huishi ndani moja kwa moja: huko Kanada, mwani mdogo wa kijani, Acrochaete operculata, hupenya hadi kiini cha Chondrus crispus, mwani mwekundu wa huko, wa kizazi cha spora (kinachotoa spora), ilhali wa kizazi cha gameti (kinachotoa chembe za kike na za kiume) huuzuia kwenye ngozi, tofauti inayohusishwa na aina ya karajinani (ute wa mwani wa kugandishia vyakula) iliyomo. Kwetu, ngozi ikishatoboka bakteria huingia, tawi hulainika na kukatika, na karajinani, ambayo ndiyo mnunuzi anayoifuata, hupungua.

Tangu mwani wa biashara uanze kulimwa Unguja mwaka 1989, mbegu yetu ni tawi lililokatwa kwenye tawi jengine, kwa hiyo mgeni aliyemo husafiri nalo shamba hadi shamba.

Spinosamu yake, aina nyengine ya mwani wa kulimwa, ilitoka safi, nami nitaendelea kuinunua. Kotonii sitaichukua tena mpaka akubali nipitishe kioo cha kukuzia katika kila gunia kabla ya kumlipa. Kamba zilizoambukizwa nimezifungua na kuzianika nchi kavu. Baharini sikurudisha hata kipande.