Sabufa ya inchi 12: spika tano kwa tano, boksi mbili kwa tano

Sabufa ya zamani ya gari langu, yaani spika ya besi, ilikufia ukingoni. Ule mviringo laini unaoshikanisha koni (sehemu inayotikisika kutoa sauti) na fremu ulikuwa wa sponji. Siku moja niliugusa, kidole kikapenya hadi ndani, na kilipotoka kilikuwa na unga mweusi unaonata. Joto la buti na unyevu wa miaka vilikuwa vimeshaumaliza. Kwa hiyo safari hii sharti langu la kwanza lilikuwa ukingo wa mpira.

Koni ya hii mpya ni ya karatasi. Najua neno hilo huwakatisha watu tamaa, na pembeni yake kulikuwa na ya alumini inayong'aa hadi unajiona sura. Nilizigonga zote mbili kwa ukucha. Alumini ililia kama sufuria, karatasi ikatoa mlio mfupi mkavu. Alumini si mbaya, maana mlio ule uko juu ya masafa ya besi yanayopelekwa kwa sabufa. Mimi sikuona sababu ya kulipia mng'aro utakaofichwa na wavu. Karatasi ni nyepesi na imekakamaa, adui yake ni maji tu. Miezi minane sasa, gitaa la besi nalisikia noti kwa noti.

Boksi lililokuja nayo ndilo lililonitesa: chipubodi ya milimita 12. Wiki ya tatu kitu kilianza kulia zzz nyuma. Nikashuku kibao cha namba, nikatoa hata tairi la akiba. Kumbe skrubu za spika zimelegea, ukizikaza zinazunguka tu na kumwaga unga wa mbao, na hewa inapita pembeni kwa mluzi. Boksi la kuzibwa likishavuja, besi inalegea.

Nikaunda jingine la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18. Viungo vyote nilivitia gundi ya mbao, ndani nikaziba kwa silikoni, katikati nikaweka mti wa kushikanisha kuta mbili zisipumue. Toboa tundu dogo kabla ya skrubu, la sivyo MDF hupasuka ubavuni. Na vaa barakoa. Vumbi lake nililikohoa siku mbili. Zzz imekwisha. Ila boksi ni zito ajabu, na mpira wa mlango wa buti ulipovuja maji, kona moja ilivimba kama mkate uliolowa. Nikiunda tena nitatumia plaiwudi nzuri, nyepesi kidogo na inayovumilia unyevu zaidi.

Waya wa umeme pia ulinidanganya. Kwa nje mnene kama kidole, lakini nilipoukwangua kwa kisu, chini ya wekundu ukatokea weupe: alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba. Nimeweka shaba tupu, na fyuzi karibu kabisa na betri. Taa za mbele bado hufifia kidogo ngoma nzito ikipiga, lakini hilo sasa huenda ni la betri.