Zoom H1n: kinasa sauti cha kumpa mwandishi wa redio ya mpakani

Ukitaka kumsaidia mwandishi wa redio ya jamii anayefuatilia Warundi wanaorejea kutoka kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu nchini Tanzania, mnunulie hiki kabla ya simu mpya. Kinatumia betri mbili za AAA. Zikiwa mpya zinakaa takriban saa 10, kwa hiyo umeme ukikosekana kazi haisimami. Kadi ya microSD inanunuliwa kando, mwisho GB 32.

Adui yake ni upepo. Mabasi ya waliorejea yakishusha abiria, injini zinanguruma, na sauti ya mama anayeeleza alivyokuta shamba lake linalimwa na mtu mwingine inamezwa na mvumo. Kofia ya manyoya ya kuzuia upepo nayo inauzwa kando. Tafadhali usitume kinasa bila hiyo. Awashe kichujio cha mvumo, akishike sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili P na B zisipasuke. Ganda lake ni la plastiki: kidole kikisogea tu, mkwaruzo unasikika kwenye rekodi.

WAV ya kawaida, yaani faili la sauti lisilobanwa, inakula kama MB 10 kwa dakika. MP3 ya kbps 128, iliyobanwa, inakula MB 1 hivi, inafaa pale mtandao unaposuasua.

Kasoro inayotutia hofu zaidi: hakina nywila. Kadi ikinyang'anywa, kila ushuhuda uko wazi. Jina la msimulizi lisitajwe kabisa kwenye rekodi. Itumike namba, na rekodi zifutwe kwenye kadi kila jioni baada ya kuhamisha faili.