Miezi mitatu na apu ya kutafuta maneno ya Scrabble

Yote haya yaliletwa na herufi Q.

Kila Jumamosi jioni tunacheza Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza kwa vigae vya herufi zenye alama, kwa shemeji yangu Buruburu: yeye, mimi, mke wangu, na jirani yao, mwalimu mstaafu kutoka Mombasa aliyeanza kufundisha Kiingereza kabla sijazaliwa. Siku hiyo nilichota Q mchezo ukiwa katikati, nikakataa kuirudisha kifukoni kwa sababu kubadilisha herufi ni kupoteza zamu. Nikangoja U, maana kwa Kiingereza Q hufuatwa na U karibu kila mara. Kumbe U zote nne zilikuwa zimeshachukuliwa, mbili ziko kwenye kibao cha shemeji. Mwalimu akamaliza herufi zake, mimi nimebaki na Q peke yake: alama 10 za Q zikakatwa kwangu, 10 zikaongezwa kwake. Nilishindwa kwa alama 12. Piga hesabu mwenyewe ujue kwa nini sikulala.

Usiku huohuo nikapakua apu. Ziko nyingi na zinafanana kama mandazi ya kibanda kimoja, kwa hivyo jina la hii silitaji. Unaandika herufi ulizo nazo, unaweka alama ya kuuliza mahali pa kigae kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote, kisha unabana upendavyo: neno lianze na herufi gani, liishe na ipi, liwe na ipi ndani, liwe refu kiasi gani. Nikaingiza A, A, D, I, L, Q, T. Ndizo zilizokuwa mbele yangu wakati ule. Nilizinakili nyuma ya karatasi ya alama kwa uchungu. Kufumba na kufumbua, majibu haya hapa: QI, QAT, QADI, QAID, TALAQ.

Yaani nilikuwa nimeshika talaka mbele ya mke wangu nusu saa nzima bila kujua.

Hapo ndipo apu iliponinasa. Nikaiambia inipe maneno yenye Q yasiyo na U, ikatoa WAQF, QIBLA, FAQIR, NIQAB na mengine. Nikayasoma kwa sauti: wakfu, kibla, fakiri, nikabu. Na QAT si kingine ila miraa! Yalitoka Kiarabu yakaingia Kiingereza na Q yake. Kwetu yaliingia zamani yakavaa K, ndiyo maana sikuyatambua. Mtu aliyekulia Pumwani anayasikia tangu utotoni, halafu anakaa mezani akiililia U. WAQF peke yake ni alama 19 kabla hujagusa mraba wowote wa kuzidisha alama ubaoni. Kwa kazi hii moja, apu naipa nyota zote.

Sasa kasoro, na ya kwanza ilinitia aibu. Wiki ya pili shemeji aliweka MZEE, alama 15, akajiegemeza kwenye kochi. Nikapinga palepale, kwa kujiamini, maana nilikuwa nimelijaribu nyumbani na apu ikalikataa. Mwalimu akafungua kitabu chake cha Collins, orodha ya maneno yanayoruhusiwa, akapitisha kidole, akanitazama juu ya miwani. "Mzee yupo, kijana. Wewe ndiye hukumwona." Kwetu anayepinga bure hukatwa alama 5.

Nilipochunguza nikakuta apu inaanza na orodha ya Marekani, na mahali pa kubadilisha pamefichwa ndani ya menyu ya tatu. Huku kwetu orodha ni ya Collins. Hata mashindano ya dunia yalipochezwa hapa Nairobi mwaka 2017 yalifuata hiyo. Nilipobadilisha, MZEE akatokea, pamoja na DUKA, SHAMBA, MATATU na UHURU. ZO nalo likarudi, neno la herufi mbili la kuokoa mtu aliyekwama na Z. Ukipakua apu ya aina hii, anza na mpangilio huo kabla ya kitu kingine chochote.

Niseme hili japo si kosa la apu. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930, alizipa herufi alama kwa kuhesabu zinavyojirudia kwenye magazeti ya Kiingereza. Ndiyo maana K iko moja tu na ina alama 5. Angehesabu gazeti la Taifa Leo, K ingekuwa ya alama 1 na zingejaa kifuko kizima.

Kasoro ya pili ni maana za maneno. Hazipo, au zipo kwa mstari mmoja uliokatika katikati. Nimekariri orodha ndefu ya maneno ya herufi tatu ambayo, ukiniuliza ni mnyama au mboga, sina jibu.

Matangazo ndiyo balaa. Lile la chini linapanda juu ya kitufe cha kutafuta, ukibonyeza unajikuta unapakua mchezo wa kupanga peremende huku bando linaisha. Kuna toleo la kulipia lisilo na matangazo, siku tatu za mwanzo ni bure. Nililijaribu, nikasahau kulisitisha, siku ya nne shilingi 450 zikaondoka. Pesa hizo bado nazidai kwa barua pepe. Uzuri wake lilifanya kazi bila intaneti, hata ndani ya matatu ya Jogoo Road.

Wordle, mchezo wa kukisia neno la herufi tano, nimeijaribu nayo mara moja. Ukiiambia herufi ulizopata na zilizokataliwa, inakubakishia maneno manne matano, na utamu wote unaisha hapo. Sirudii.

Mezani apu hairuhusiwi. Simu zote zinaingia ndani ya hotpoti tupu ya chapati, shemeji anaikalia kifuniko. Jumamosi iliyopita niliweka QADI juu ya mraba wa kuzidisha neno mara tatu, alama 42. Shemeji akaruka: "Hicho si Kiswahili hicho?" Akapinga. Mwalimu hakugusa hata kitabu. Alichukua kalamu akamkata 5.