Uzoefu wangu: kupima vinasaba vya mitamba wa Friesian kabla ya kuwapandisha

Ng'ombe akipandishwa kisha akarudi joto baada ya wiki kadhaa, lawama huenda kwa mhimilishaji (mtaalamu anayepandisha kwa mbegu za chupa), kwa mtungi wa mbegu ulioishiwa naitrojeni ya kuzigandisha, au kwa brusela, ugonjwa unaotupisha mimba. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Ila ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa macho: dume na jike kubeba kasoro ileile ya kurithi, kila mmoja akiwa mzima kabisa. Kwa sababu hiyo nililipia kipimo cha vinasaba kwa mitamba wangu, Friesian na machotara wachache, hapa Arumeru.

Niseme kwanza jinsi kazi inavyofanyika. Wakala wa maabara huleta bahasha, nawe unang'oa nywele za kwenye kishungi cha mkia. Ni kung'oa, si kukata, kwa sababu kinachopimwa kimo kwenye mzizi wa unywele. Mkia uwe safi na mkavu, na bahasha iwe ya karatasi. Ndani ya nailoni nywele zenye unyevu huota ukungu. Sehemu ya kuwa makini zaidi ni namba ya hereni ya sikioni, inayomtambulisha kila ng'ombe. Mitamba wa rika moja wanafanana, na bahasha mbili zikibadilishana, utamwachia mmoja na kumwadhibu mwingine bure. Kwetu mmoja aling'oa, mwingine akasoma hereni kwa sauti, wa tatu akaandika. Nashauri mfanye hivyo hivyo. Sampuli zinasafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo anza mapema, mtamba akiwa bado hajafikia umri wa kupandwa.

Majibu yalikuja yakiwa safu za herufi: HH1F, HH1C, CDF, CDC. Hakukuwa na maelezo yoyote, na hapo sikuridhika hata kidogo. Mfugaji analipa fedha nyingi kisha anakabidhiwa karatasi asiyoweza kuisoma! Daktari wetu wa mifugo ndiye aliyenisaidia: F mwishoni maana yake hana kasoro, C maana yake anaibeba. HH1 huua mimba tumboni ikirithiwa pande zote mbili. CD ni ya upungufu wa kolesteroli: ndama huzaliwa, huharisha, hukonda, na hakuna dawa inayomponya. Kasoro hiyo imefuatiliwa hadi kwa dume wa Kanada aitwaye Maughlin Storm.

Habari ya HH1 ndiyo iliyonigusa zaidi. Chanzo chake ni Pawnee Farm Arlinda Chief, dume wa Marekani aliyezaliwa 1962. Alikuwa na mabinti 16,000, na wajukuu wa kike wapatao 500,000. Binti zake walikamuliwa sana, ndiyo maana kila mtu alimtaka. Watafiti wamekadiria kwamba kasoro aliyoibeba imesababisha mimba zaidi ya 500,000 kuharibika duniani, na bado faida ya maziwa aliyoyaleta ni kubwa kuliko hasara hiyo mara nyingi. Carlin-M Ivanhoe Bell, dume mwingine wa Marekani, naye alibeba kasoro mbili kwa pamoja: BLAD, inayomwacha ndama bila kinga ya kupambana na maambukizi, na CVM, inayopinda uti wa mgongo. Mbegu za Friesian tunazopandisha huku zimetoka kwenye koo hizo hizo, kwa hiyo hili si jambo la wazungu peke yao.

Sasa, nikagundua baadhi ya mitamba wangu wanabeba kasoro, na mmoja wao mwenye CDC ni mtoto wa ng'ombe wangu bora kwa maziwa. Jirani alinishauri nimuuze. Nilikataa, na ningekataa tena. Mbebaji akikutana na mbebaji, ndama mmoja kati ya wanne, kwa wastani, hurithi kasoro kamili. Mbebaji akipandwa na dume safi, hakuna ndama anayeugua, ingawa nusu yao wataibeba kama mama yao. Kumchinja mtamba mzuri kwa ajili ya herufi moja ni hasara ya kujitakia, wakati dawa yake ni kumchagulia mume.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya huduma hii, na pia mpaka wake. Mwenye ng'ombe wawili watatu simshauri alipe. Aanze na kilicho bure: katalogi ya madume. Kwenye jina la dume wa Marekani kuna TL akiwa hana BLAD, BL akiwa anaibeba. TV akiwa hana CVM, CV akiwa anaibeba. Mwambie mhimilishaji akutajie herufi hizo kabla ya kufungua mtungi. Ukitumia madume safi tu, kasoro hizo hazitaua ndama wako hata kama jike anazibeba. Kipimo kinamfaa zaidi anayefuga mitamba wa kuuza, au anayetaka kukuza dume kwa ajili ya kijiji kizima. Dume wa kijiji mwenye kasoro huisambaza kila boma, na miaka michache baadaye watu wanampandishia binti zake mwenyewe.

Wakala angepaswa pia kuniambia kabla sijalipa kwamba kasoro za jamii ya HH, zinaposomwa kwa kufuata mpangilio wa vinasaba vya Friesian halisi, majibu yake kwa chotara si ya kuaminika sana. Kwa machotara, omba kipimo cha kinasaba chenyewe pale kinapopatikana. Na mtu asidhani karatasi hii inamwondolea brusela. Hiyo inapimwa kwa damu, tena usiiache.

Nitaendelea kuitumia, kwa mitamba pekee. Yule mwenye CDC amepandwa na dume mwenye CDF. Akizaa jike nitampima kabla ya kumpandisha, akizaa dume ataenda kunenepeshwa.