Unga wa moringa kwa kuku wa mayai: uzoefu wangu Lubumbashi

Sisi huku tunalisha kuku mahindi meupe, yale yale ya bukari, yaani ugali wetu. Mahindi hayo hayana rangi ya kutia kiini. Ukipasua yai la kuku wa kizungu, kiini kimepauka, na mama anayeuza chakula katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, atakuambia usoni kwamba anataka mayai ya kienyeji. Wateja wa namna hiyo ndio walionisukuma nijaribu moringa, yaani mlonge.

Nachanganya kilo 3 za unga wa majani katika kila kilo 100 za chakula: mahindi, pumba, soya na kapenta, wale samaki wadogo wakavu. Rangi haiji kesho yake, kwa sababu kiini hukua zaidi katika siku 10 hivi za mwisho kabla ya yai kutagwa. Vumilia kama wiki mbili. Kwangu kiini kimekuwa cha njano iliyokolea, na wateja wale wale sasa wanaweka oda mapema. Kwa jambo hilo nausifu unga huu bila kusita.

Lakini wauzaji wanaahidi mengi mno. Eti ganda litakuwa gumu, eti kuku watataga maradufu. Idadi ya mayai kwangu haikubadilika. Na ganda, hesabu inakataa: kuku anayetaga anahitaji karibu gramu 4 za kalisiamu, madini yanayojenga ganda, kwa siku, na moringa anayokula kwa kipimo changu haifiki hata gramu 4 nzima za unga! Ganda linataka mawe ya chokaa, yenye kalisiamu nyingi. Mimi nawapa jioni, vipande vidogo vya mawe ya chokaa badala ya vumbi, kwa kuwa ganda hujengwa usiku na vipande hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka polepole.

Jamani, msizidishe. Ukipita kilo 10 kwa 100, kuku wanapunguza kula na mayai yanapungua.

Angalia pia unachonunua. Unga mzuri ni wa kijani kibichi na unanukia majani, maana umekaushwa kivulini. Niliwahi kuuziwa wa kahawia, ulioanikwa juani. Rangi ya kiini haikusogea. Tangu hapo nafungua mfuko kabla ya kulipa. Msimu wa mvua nachuma kwenye miti yangu ya uani, kiangazi majani yanapopukutika narudi kununua kwa mama mmoja anayekausha vizuri.

Kwa kiini, nunueni. Kwa ganda, tafuteni mawe ya chokaa.