Trei ya chuma ya piza ya Detroit: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Nianze na hukumu, maana najua wengine husoma mistari miwili wakaondoka. Trei ni nzuri, inunue. Ila kama huna subira ya kuitunza, au huna pa kupata jibini yenye mafuta ya kutosha, hela yako kaa nayo.

Ninayoizungumzia ni trei ya mstatili ya chuma cha kaboni, nyeusi yenye mng'ao wa samawati kwa mbali, sentimita 25 kwa 35, kina chake kama sentimita 6, kuta zimelala kidogo kwa nje. Ni nzito kuliko inavyoonekana pichani. Jina la kampuni nimeliacha kwa sababu nina lawama nao, nitaifikia.

Hamu ya kuwa nayo niliipata Detroit kwenyewe, kule Marekani. Nilipita kikazi, mwenyeji wangu akanipeleka mgahawa wa Buddy's, ule wa kona ya barabara za Conant na Six Mile ambako mtindo huu ulianzia mwaka 1946. Nilipotaka kuagiza kubwa moja akanizuia, akasema chukua ndogo mbili. Sikuelewa mpaka zilipofika. Ndogo hukatwa vipande vinne, kwa hiyo kila kipande kinakuwa na pembe, na pembe ndiyo watu wanayoifuata pale. Kando yote ya mkate ilikuwa imezungukwa na jibini iliyoganda ikawa kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi, imesimama kama ukuta mwembamba. Ukiibonyeza kwa kidole inalia. Chini yake unga umekaangika, ila ukishapita hapo ndani ni laini, una matundu kama sifongo. Neno lililonitoka lilikuwa moja tu: ukoko! Kila aliyewahi kugombea sufuria na ndugu zake anajua ninachosema.

Nikarudi nyumbani nikijiuliza ni kitu gani hasa kinachoifanya piza ile iwe ya Detroit. Nyanya? Unga? Mji wenyewe?

Ukitaka kujua piza halisi ya Napoli ni ipi, huhangaiki, wenyewe wameiandika. Kuna chama cha wapishi, Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoundwa mwaka 1984, chenye masharti ya unga, nyanya, jibini na tanuri la kuni linalofika nyuzi 485 hivi, piza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Umoja wa Ulaya nao ukaisajili mwaka 2010. Detroit hawana karatasi ya namna hiyo. Wana simulizi tu: Gus Guerra alikuwa na baa, ndiyo hiyo Buddy's, akataka kuuza chakula, akachukua trei za chuma zilizotumika kwenye viwanda vya magari kuwekea vipuri vidogo, akaoka ndani yake mkate mnene wa asili ya Sisilia. Kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, mmoja atakuambia mapishi ni ya mama mkwe, mwingine atakuambia vingine. Lakini kwenye trei wote wanakutana.

Basi nikaagiza trei.

Piza ya kwanza niliiharibu kwa kiburi. Nilikuwa na mozzarella mbichi, ile ya kwenye maji, ghali, nikaona nimewapita hata wao. Nikaikata, nikaitandaza, nikaweka ovenini. Iliyotoka ilikuwa bwawa. Maji ya jibini yalishuka pembeni, yakalowesha unga, kando ikabaki nyeupe na imenata kwenye trei kama gundi. Nilikula peke yangu, nimesimama, nikitumia kijiko.

Detroit wanatumia jibini iitwayo brick, ya jimbo la Wisconsin, iliyotengenezwa kwanza mwaka 1877 na John Jossi, mtu mwenye asili ya Uswisi. Ni jibini laini kiasi, yenye mafuta mengi. Unaikata vipande vidogo vya dadu, unaisambaza mpaka iguse ukuta wa chuma pande zote nne. Wengi wetu tumezoea kuacha nafasi ya kando, kwa hiyo hapa mkono unasita. Usisite. Ikiyeyuka, mafuta yake yanateremka kati ya unga na chuma, yanaukaanga unga kwa pembeni, na jibini yenyewe iliyoshika ukuta inaungua taratibu mpaka inakuwa ule ukoko. Kumbe kando ya ile piza inakaangwa, haiokwi! Sikulielewa hilo mpaka nilipoona kwa macho yangu, kupitia kioo cha oveni, mafuta yakichemka vipovu kuzunguka trei nzima.

Brick sikuipata. Nilijaribu jibini ya Monterey Jack, ikakubali vizuri sana. Mozzarella kavu ya kukwaruza, ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, ukiichanganya na cheddar kidogo, inakaribia, ila ladha ya cheddar inajitokeza kwa nguvu pale pembeni palipoungua. Kuna atakayesema bila brick si Detroit. Namwelewa, lakini simfuati, kwa sababu nimefanya jaribio jingine.

Siku moja nilikanda unga wa trei mbili: gramu 700 za unga wa mkate, maji gramu 500, chumvi, hamira. Ni laini mno, haukandiki kwa ngumi, unaukunja tu kwa mikono yenye mafuta na kuusubiri. Nusu niliiweka kwenye trei ya chuma, nusu kwenye bakuli la kioo la kuokea lenye ukubwa unaokaribiana. Jibini ileile, sosi ileile, oveni kwenye joto la mwisho, nyuzi 260, dakika 14. Ya chuma ikatoka na ukoko wake, chini rangi ya asali. Ya kioo ikatoka mkate mzuri wenye jibini, sina neno baya juu yake, ila kando ilikuwa imepauka na chini ilikuwa laini. Mke wangu, ambaye hakuambiwa ipi ni ipi, alionja zote mbili akauliza kwa nini ile nyingine nimeiwahisha kutoa.

Sosi nimeibadilisha mara nyingi. Nyanya za kopo, nyanya mbichi, vitunguu saumu vingi, vichache, oregano, bila oregano. Piza ilibaki ile ile. Cha kuzingatia ni kwamba sosi inakaa juu ya jibini, kwa mistari miwili au mitatu ya urefu, ili isilowanishe unga. Wengine wanaimwaga kabla ya kuoka, wengine wanaipasha pembeni na kuimwaga mwishoni. Mimi ni wa mwishoni. Pepperoni, ile soseji ya vipande vyembamba, nayo kwa desturi yao inalala chini ya jibini, jambo lililonishangaza, kisha nikalizoea.

Kwa hiyo kama ningetakiwa kuchagua, ningesema mtu mwenye trei sahihi na Monterey Jack yuko karibu na Detroit kuliko mwenye brick halisi na bakuli la kioo. Najua kuna watakaobisha. Mbishe mkiwa mmeshaoka.

Sasa lawama. Trei ilikuja na karatasi inayosema "tayari kwa matumizi, osha kwa maji na sabuni." Nikaosha kwa maji na sabuni. Usiku, baada ya ile piza ya bwawa, nikailoweka ili mabaki yalainike, nikaenda kulala. Asubuhi sakafu ya trei ilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, madoa makubwa kama sarafu. Nilipowaandikia, walijibu baada ya wiki mbili kwamba chuma cha kaboni hakilowekwi, kila mtu anajua. Kama kila mtu anajua, karatasi ni ya nini?

Niliisugua kwa chumvi ya mawe na kiazi kilichokatwa nusu, nikaikausha juu ya moto, nikaipaka mafuta ya kula kwa kitambaa, kidogo sana mpaka ionekane kama kavu, nikaiweka ovenini saa nzima. Nikarudia mara tatu. Tangu siku hiyo haijaona sabuni. Naifuta ikiwa bado ina joto, napaka mafuta, basi. Sasa imekuwa nyeusi tii na piza inateleza yenyewe baada ya kupitisha mwiko mwembamba pembeni. Huo mwiko usiupitishe kwa pupa, maana ukoko ukivunjika ndani ya trei umepoteza kila kitu. Subiri dakika mbili, zungusha taratibu kando zote nne, ndipo unyanyue.

Malalamiko mengine ni madogo. Haina mfuniko, kwa hiyo wakati wa kuumua naifunika kwa trei nyingine. Kona zake ni za kukunjwa, na mojawapo inashika mabaki.

Kasoro kubwa kwetu ni kwamba tuko watano mezani na trei ina pembe nne. Mtoto wa mwisho ameshajifunza kukaa karibu na jikoni. Nimeagiza ya pili, sentimita 20 kwa 25, kutoka kwa watu wengine, na mara hii nimewauliza kwanza habari za sabuni.