Siku 84 bila samaki, na ubishi wa nyumbani kwetu

Riwaya ya The Old Man and the Sea ya Ernest Hemingway (1952) niliipata mtumba karibu na stendi ya Moshi, shilingi 4,000, jalada limelegea. Nyembamba, niliimaliza Jumapili moja. Mvuvi mzee Santiago wa Kuba anakaa siku 84 hapati kitu, kisha ananasa samaki wa futi 18, mrefu kuliko mashua yake. Papa wanamla samaki huyo njiani, unabaki mfupa.

Dada alilia pale mzee anapopanda kwenda nyumbani na mlingoti begani, akianguka na kuinuka. Shujaa, anasema. Mjomba, aliyevua bwawa la Nyumba ya Mungu miaka mingi, nilimsimulia akaguna: “Shujaa gani, mjomba? Kaenda mbali peke yake. Msaidizi wake yuko wapi?” Nikamweleza kuwa kijana Manolin alihamishwa na wazazi kwa sababu mzee ana nuksi. “Basi wazazi wana akili.”

Mimi niliganda kwenye mkono wa kushoto unaokaza misuli, mzee akiusemesha kama mtoto mkaidi. Hapo ndipo penye utamu. Papa wanachosha kidogo, wanakuja wakirudi. Nyota nne. Dada hajanirudishia nakala.